Ufundi wa Kuusoma Mchanga Mweupe

Mchanga wa Paje, mashariki mwa Unguja, ukiudondoshea siki utaona viputo, kwa sababu karibu wote ni chokaa. Ufanyie hivyo mchanga wa Bagamoyo, na punje nyingi hazitashtuka: hizo ni kwatzi, mabaki ya mawe ya bara yaliyoteremshwa na mito kama Ruvu na Wami. Kati ya Bagamoyo na Unguja kuna kilomita 40 hivi za maji, na sakafu ya bahari hiyo imegawanyika. Upande wa bara umetawaliwa na mchanga na tope la mito, upande wa kisiwa umetawaliwa na mashapo ya chokaa. Jua ni lile lile, kusi na kaskazi ni zile zile. Kilichotofautiana zaidi ni uangavu wa maji, na wapo watu waliosomea kuutambua uangavu huo ndani ya punje moja ya mchanga.

Kazi yao naihusudu. Haina kelele, haina haraka, na mtu anaweza kupita mlangoni mwa maabara mara kumi asijue kinachofanyika ndani.

Huanza kwa msumeno wenye makali ya almasi. Jiwe, au mchanga uliogandishwa kwa gundi ili ushikamane, hukatwa kipande kidogo. Uso wake mmoja husawazishwa na kubandikwa kwenye kioo. Kisha upande wa pili husagwa juu ya bamba kwa unga mkali uliolowanishwa maji, kwa mizunguko ya taratibu. Unga wa chembe kubwa hutangulia, unafuata mdogo, halafu ule laini kabisa. Kinachotafutwa ni unene wa milimita 0.03, mwembamba kuliko unywele, kwa maana hapo ndipo jiwe linapopitisha mwanga. Anayesaga graniti ana kitu cha kumwongoza: kwatzi ikifikia unene huo huonyesha rangi ya kijivu chini ya hadubini yenye vichujio vya mwanga, naye hujua amefika. Jiwe la chokaa halina kwatzi ya kutosha kumwonyesha, na rangi za kalsaiti, madini ya jiwe hilo, katika unene huo hazimwambii kitu. Fundi hubaki na macho yake na vidole vyake. Akibonyeza kidogo kupita kiasi, kipande hutoweka na kazi ya asubuhi nzima huishia kwenye maji machafu.

Henry Clifton Sorby wa Sheffield, Uingereza, ndiye aliyeifungua njia hii. Alianza kusaga vipande vyake mwaka 1849, akiwa bado kijana. Miaka 30 baadaye alisimama mbele ya Jumuiya ya Jiolojia ya London, akiwa rais wake, akaeleza asili ya mawe ya chokaa kwa mambo aliyoyaona kwenye vipande hivyo. Alitambua kwamba makombe yaliyojengwa kwa madini ya aragonaiti hupoteza umbo lake la ndani kadiri miaka inavyopita, ilhali yale ya kalsaiti hulihifadhi. Kwa hiyo hata shimo tupu ndani ya jiwe, au fuwele ngeni zilizojaza shimo hilo, huwa ushahidi wa kiumbe aliyekuwapo. Hadi leo sijui somo la jiolojia lililotolewa kwa subira kubwa kuliko hilo.

Sasa tutazame kipande cha mchanga wa Ghuba ya Chwaka, mashariki mwa Unguja. Punje bapa zenye matundu madogo yaliyojipanga ni Halimeda, mwani wa kijani ambao mwili wake ni mnyororo wa vipande vigumu vya chokaa. Ukifa, mnyororo hukatika na vipande husambaa. Penye kuta nyembamba zinazotoka katikati kuelekea pembeni ni tumbawe. Vyumba vidogo vilivyopangwa kwa mzunguko ni foraminifera, kiumbe wa seli moja. Na chembe nyingi zisizo na sura maalumu huenda zimepita kwenye tumbo la pono, maana samaki huyo huguguna mwamba na kutoa mchanga. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka.

Mwani unahitaji mwanga, na tumbawe linalojenga mwamba linaishi kwa msaada wa mwani mdogo sana uliomo mwilini mwake, ambao nao unahitaji mwanga. Ndiyo sababu mkusanyiko huu ukionekana kwenye hadubini, msomaji huandika bila kusita: maji ya uvuguvugu, kina kifupi, tope dogo. Penye mito mikubwa hali hubadilika. Karibu na Malindi mto Sabaki huyafanya maji kuwa ya kahawia msimu wa mvua, na mwamba haustawi mdomoni mwake. Huko Mafia, iliyo mkabala na delta ya Rufiji, matumbawe yamestawi zaidi mashariki na kusini, mbali na tope.

Lakini msomaji mzuri haamini punje kwa kuiona mara moja. Mkondo unaweza kuwa umeileta kutoka mbali. Hutazama kingo: zimechongoka au zimesuguliwa hadi zikawa duara? Hutafuta vijitundu vilivyotobolewa na mwani, dalili kwamba punje imelala sakafuni muda mrefu. Kisha huhesabu. Husogeza kioo hatua kwa hatua, na katika kila nukta huandika kilicho chini ya alama, kwa kawaida nukta 300 au zaidi kwa kipande kimoja. Hapa ndipo wengi hushindwa, na hapa ndipo heshima yangu kwa wanaoweza ilipo kubwa. Punje moja ya tumbawe haithibitishi mwamba; uwiano ndio unaothibitisha.

Joto nalo huacha alama. Maji ya baridi hushika hewa ya ukaa nyingi zaidi, na hewa hiyo huifanya chokaa iwe nyepesi kuyeyuka. Maji yakipata joto huiachia, na chokaa hupata nafasi ya kuganda. Kwenye majukwaa ya kina kifupi ya Bahamas, pasipo na mto wowote mkubwa, jua huyapasha maji na kuyazidishia chumvi, huku mikondo ya kupwa na kujaa ikizungusha mchanga kila siku. Huko chokaa huganda juu ya punje, tabaka juu ya tabaka, na punje hiyo huitwa ooidi. Ooidi iliyokatwa katikati huonyesha maganda kama ya kitunguu, ingawa yenyewe haifiki milimita 2. Msomaji akizikuta ooidi ndani ya jiwe la kale, anajua palikuwa na maji yenye joto yaliyotikisika bila kupumzika. Ooidi za namna hiyo zinaundwa hadi sasa kwenye pwani ya Abu Dhabi.

Hata hivyo kuwa tropiki hakutoshi. Wanaoijua Salalah ya Omani wanajua kwamba wakati wa kusi maji ya Dhofar huwa ya baridi. Upepo husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji ya kilindini, yenye rutuba na hewa ya ukaa nyingi, hupanda kushika nafasi yake. Matumbawe yapo, lakini hayajengi mwamba mkubwa, na kando yake humea mwani mkubwa wa kahawia wa jamii ya bahari za baridi. Maji kama hayo hupanda pia pwani ya Somalia, na kaskazini mwa Lamu miamba huzidi kupungua. Kusini mwa Australia, kwenye baridi zaidi, chokaa hutengenezwa na brayozoa (wanyama wadogo wa baharini) na makombe, polepole mno. Jiwe litokalo huko halina Halimeda wala ooidi, na msomaji hulitambua mapema.

Nimesema hayo kwa sababu ufuo wa mashariki mwa Unguja hauletewi mchanga na mto wowote mkubwa. Unaletewa na viumbe waliopo palepale, kwenye majani ya bahari na kwenye mwamba. Majani yaking'olewa, pono wakivuliwa wote, matumbawe yakifa kwa joto kama yalivyokufa mengi mwaka 1998, atengenezaye mchanga hupungua huku mawimbi yakiendelea kuuchukua. Wenye hoteli na mamlaka wanaopanga kujenga kuta za kuzuia bahari waagize kwanza mchanga wao usomwe: nani anautengeneza, wapi, na kwa uwiano gani. Na majibu wapewe wanakijiji wanaoutumia ufuo huo, kabla zege halijamwagwa.