Kuruka Bila Mpira

Kila anayeandika habari za Jaja Santiago, mchezaji wa mpira wa wavu, huanzia kwenye kimo chake. Ana mita 1.95, na kwao Ufilipino, ambako mwanamke akizidi mita 1.70 tayari huhesabiwa miongoni mwa warefu, huo ni urefu wa kuwafanya watu wageuke barabarani. Sina ugomvi na kimo hicho. Ila warefu wapo wengi katika mpira wa wavu, na si haba walioishia kuwa kama nguzo ya tatu ya kufungia wavu. Mimi nikimtazama dada huyu, macho hunishuka hadi miguuni.

Nafasi yake ni katikati ya wavu, na kazi ya nafasi hiyo ina dhuluma ndani yake. Timu ikipokea sevisi vizuri na mpira ukielekea kwa seta, yule anayewainulia wenzake, mchezaji wa kati hana ruhusa ya kusubiri aone kitakachotokea. Anakimbia, anaruka na kuurudisha mkono nyuma kana kwamba mpira ni wake, kumbe mara nyingi si wake. Seta anautuma pembeni, mwenzake anaupiga chini, uwanja unamshangilia mpigaji. Pointi inaandikwa kwa jina la huyo wa pembeni. Lakini pembeni kulikuwa peupe kwa sababu mzuiaji wa upande wa pili alishauamini ule mruko, naye akaruka. Hakuna safu ya takwimu inayomlipa mtu kwa hadaa hiyo, na ni lazima irudiwe kwa bidii ileile mechi nzima, maana siku ukiruka kivivu mara mbili tatu, mzuiaji anakusoma.

Mpira unapokuja kweli, kazi ni ngumu zaidi. Katika shambulio la haraka, mpigaji anaondoka chini mpira ukiwa bado haujatoka, au ndiyo kwanza unatoka, kwenye vidole vya seta. Mpira ndio unaomfuata hewani. Akichelewa kidogo, unampita kifuani. Akiwahi, anaanza kushuka mikono mitupu. Hapo ndipo urefu unapogeuka mzigo, kwa sababu miguu mirefu inachukua muda kukunjwa na kukunjuliwa. Mfupi akikosea hatua hujirekebisha, mrefu akikosea hatua basi. Mtazame Santiago: hatua ya kwanza ndogo, karibu ya uvivu, mbili za mwisho zinafuatana upesi, na kisigino kinauma sakafu ili mwendo wa mbele uwe mwendo wa juu, asije akaugusa wavu. Mkono hauzungushwi sana. Kiwiko kiko juu tayari, kiganja kinamaliza.

Alizaliwa 1996 na kukulia Tanza, mkoani Cavite, akamfuata dada yake Dindin, naye mchezaji, hadi National University ya Manila. Mwaka 2018 alikuwa mchezaji bora wa ligi ya vyuo vikuu, UAAP, ligi inayojaza kumbi kubwa za Manila. Angeweza kubaki palepale akipiga mipira ya juu mpaka astaafu, akitunzwa kama malkia. Mwaka huohuo akaenda Ageo Medics, timu ya mji wa Ageo katika mkoa wa Saitama, akawa Mfilipino wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya wanawake ya Japani.

Na Japani si mahali pa kwenda kutegemea kimo. Wanawake wake walichukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo 1964 kwa kuokota mipira ambayo wengine wangeiacha: walijitupa, wakajibiringisha, wakainuka wakiwa tayari kucheza tena. Wanaume walioshinda Munich 1972 walikuwa mabingwa wa mashambulizi ya haraka na ya kupishana muda. Waliowatazama Malkia Strikers wa Kenya wakifungwa seti 3-0 na Japani kwenye Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, wanaujua usumbufu huo: unapiga, mpira unarudi, unapiga tena, unarudi tena. Mtu mrefu akitua kwenye ligi ya namna hiyo, ama anajifunza wepesi, ama anakalishwa benchi.

Alijifunza. Machi 2021 Ageo walitwaa Kombe la V la Japani, naye akiwa mmoja wa nguzo zao. Agosti mwaka huohuo alikuwa nyumbani na Chery Tiggo, akiwa timu moja na Dindin, walipotwaa ubingwa wa PVL, ligi ya kulipwa ya Ufilipino, mjini Bacarra, wachezaji wote wakiwa wametengwa kwa ajili ya korona.

Kuzuia ndiko ninakokupenda zaidi. Wavu wa wanawake una mita 2.24, kwa hiyo mikono yake kuvuka juu si muujiza. Muujiza, kama upo, ni kufika. Kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 4.5, na mpira wa kasi unaivuka nafasi hiyo kwa sekunde moja hivi. Macho yanaanza kwa seta, mikono yake na mgongo wake, kisha yanamhamia mpigaji, na mpira wenyewe unaangaliwa kwa kuibia. Hatua ya pembeni, hatua ya kukatiza, miguu inafungwa, mikono inaingia ng'ambo vidole vimetanuka. Akitua kazi haijaisha: mpira ukiokotwa nyuma, anageuka na kurudi nyuma hadi karibu na mstari wa mita tatu, ili aruke tena ule mruko ambao huenda usimletee mpira.

Mwaka 2023 alihamia JT Marvelous, timu nyingine ya Japani, na 2024 akapata uraia wa Japani, akaitwa Sachi Minowa, Minowa likiwa jina la ukoo la mumewe, kocha Taka Minowa. Baadhi ya mashabiki wa Ufilipino waliumia, nami siwalaumu. Timu yao ya taifa haina mwingine kama yeye. Ila ufundi wenyewe ulikuwa umeshakuwa wa nchi mbili zamani.

Ukipata mechi yake, acha mpira uende zake na umtazame mzuiaji wa kati wa timu pinzani. Santiago anakimbia, yule anaruka naye, na anaposhuka smashi imeshapigwa ukingoni, mzuiaji mmoja tu ndiye aliyefika.