Juu ya programu za kuandika

Wasomaji wengine wanauliza sababu gani gazeti letu linapigwa kwa LibreOffice. Tupime kwa haki.

Januari 2025 Microsoft ilipandisha bei ya Microsoft 365 ya mtu mmoja huko Marekani, toka dola 6.99 mpaka 9.99 kwa mwezi, kwa kuwa imetia ndani yake Copilot, mashini ya kutunga maneno. Mwezi uleule benki za Goma zilifunga milango. Tungelipa namna gani? Tena Copilot haifanyi kazi pasipo intaneti: maandiko yako sherti yaende kwenye mashini za mbali, na ile kazi ya kufikiri, ambayo mwanafunzi alikuja kujifunza, anafanyiwa.

LibreOffice, iliyozaliwa 2010, hailipwi. Leseni yake inaruhusu kalasi nzima kuinakili kwa USB moja. Lakini tusiisifu bure. Kamusi yake ya Kiswahili ni ya Tanzania: “mukanda” na “kalasi” zinapigwa mstari mwekundu, kana kwamba sisi ndio tumekosa! Ila kamusi hiyo ni faili wazi, na leseni inatupa ruhusa ya kutia maneno yetu na kuwagawia wengine. Ya Copilot, nani atatufungulia?

Wenye maneno ya Masisi na Rutshuru watuletee orodha.