Kujifunza Kinubi kwa Vitabu vya Kiingereza: Uhakiki Mfupi

Mgeni ajuaye Kiingereza akitaka kujifunza Kiswahili au Kiganda, atapata vitabu vya masomo vya kuchagua. Akitaka Kinubi, krioli inayozungumzwa Bombo, kilomita zipatazo 35 tu kaskazini mwa Kampala, na vilevile Kibera kule Nairobi, ataelekezwa kwenye vitabu ambavyo havikuandikwa kwa ajili yake. Katika makala haya tunahakiki vitatu kati ya hivyo, tukiuliza swali moja: je, mwanafunzi akikifunga kitabu, ataweza kusema nini?

Tukumbushe kwamba msamiati wa Kinubi kwa sehemu kubwa ni wa Kiarabu, ila sarufi yake si ya Kiarabu. Wazungumzaji wake wa mwanzo walikuwa askari wa Emin Pasha na familia zao, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 na kuwaleta Uganda. Katiba ya Uganda ya 1995 inawataja Wanubi miongoni mwa jamii za wenyeji wa nchi. Kwa hiyo hatuzungumzii lugha ya mbali.

Kitabu cha kwanza ni cha Bernd Heine, *The Nubi Language of Kibera* (1982). Ni chembamba, na wembamba huo ndio sifa yake. Msomaji haoni kiza kwenye umbo la kitenzi: *ana rua* ni "nilienda", *ana gi-rua* "ninaenda", *ana bi-rua* "nitaenda". Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi wala kwa idadi. Mwingereza atashukuru, na Mswahili aliyehangaika na ngeli atashukuru zaidi. Lakini hiki ni kitabu cha maelezo ya lugha. Hakina zoezi hata moja, wala mazungumzo ya sokoni.

Cha Ineke Wellens, *The Nubi Language of Uganda* (2005), ndicho bora kati ya vyote kwa kina, na ndicho kigumu kuliko vyote kwa anayeanza. Kilitolewa na Brill kule Leiden, na bei za mchapishaji huyo si za mfuko wa mwanafunzi wa hapa. Mifano ni mingi, imetokana na wazungumzaji wa Uganda, na kila mmoja umefasiriwa. Hata hivyo mwandishi anajibu swali la wanaisimu, yaani krioli hii ilizaliwaje na kutokana na lahaja zipi za Kiarabu. Swali ni halali. Ila mtu anayetaka kumwamkia mama mkwe wake Bombo hana haja nalo wiki ya kwanza.

Tunaisisitiza sehemu moja ambayo vitabu hivi vinatufaa kweli, nayo ni mkazo. Katika Kinubi *kátulu* ni "ua" na *katulú* ni "uawa". Kauli ya kutendwa inabebwa na mkazo peke yake! Sisi tuliozoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho tutakosa zote mbili, na Mwingereza hatasikia tofauti asipofunzwa kuisikiliza. Jambo kama hili haliwezi kufundishwa kwa maandishi tu. Linahitaji sauti, na sauti ndiyo isiyokuwamo katika vitabu hivi.

Cha tatu ni kamusi ya Kiarabu cha Juba na Kiingereza ya Ian Smith na Morris Ama, iliyochapishwa na Fountain, Kampala, mwaka 2005. Wengi huinunua wakidhani wamepata kamusi ya Kinubi. Lugha hizi ni ndugu, na kamusi itasaidia kwa maneno ya kila siku. Lakini Kiarabu cha Juba kimeendelea kukaa jirani na Kiarabu cha Khartoum, ilhali Kinubi kimekopa kwa wingi kutoka Kiswahili. Mwenye kamusi hiyo mkononi atakwama palepale ambapo mwanafunzi wa Kiswahili angeelewa bila kuuliza. Naye Mswahili asijitape mapema: *moyo* kwa Kinubi ni "maji".

Xavier Luffin ameandika vizuri juu ya Kinubi cha Mombasa, ila sarufi yake ni ya Kifaransa, hivyo tunaipita.

Upungufu basi si wa utafiti. Utafiti upo, na umefanywa kwa uangalifu. Kinachokosekana ni mtu wa kuugeuza uwe masomo ishirini yenye mazungumzo, mazoezi na kanda za sauti, akishirikiana na wazee wa Kinubi ambao ndio wenye lugha. Kwa maoni yetu mtu huyo anafaa kutoka idara kama hii, ambamo tunajua kufundisha lugha ya pili na tunasikia nusu ya maneno ya mkopo kabla ya kufungua kamusi.

Kwa sasa, anayetuuliza tunamshauri aanze na Heine, asome sehemu ya kitenzi kwanza, kisha aende Bombo na daftari. Wellens amsome akirudi, maana hapo atakuwa na maswali ya kumuuliza.