Ra Apewa Mvua: Jinsi Age of Mythology Ilivyomjenga Mungu wa Jua

Katika gemu la Age of Mythology, mchezaji anayeiongoza Misri chini ya Ra hupewa zawadi moja mwanzoni kabisa: mvua. Akiiita, mawingu hutanda, matone huanguka, na kwa muda mfupi mashamba hutoa chakula kwa kasi. Zawadi ni nzuri, ila Misri ya kale haikulimwa kwa mvua. Aswan hupata milimita moja hivi kwa mwaka mzima, na Cairo hupata ishirini na kitu. Mkulima wa Murusagamba, wilayani Ngara, Tanzania, anayesubiri mvua za Septemba ndipo atie maharage ardhini, angeielewa nguvu hiyo papo hapo. Mkulima wa Farao angeuliza ni ya kazi gani.

Kosa hili halikutokana na uvivu wa kusoma. Gemu hili lilitengenezwa na Ensemble Studios ya Texas na kutolewa na Microsoft mwaka 2002, na kwa mengi limemjenga Ra kwa uangalifu kuliko filamu nyingi. Ndiyo maana inafaa kutazama limefanikiwa wapi, kisha tuone ni kwa nini limeteleza hapo kwenye mvua.

Kwanza, Ra haonekani akitembea uwanjani. Mchezaji humjua kupitia kanuni. Kila taifa lina njia yake ya kupata fadhila za miungu: raia wa Ugiriki husali hekaluni, Wanorse hupigana vitani, na Wamisri hujenga minara. Minara ni mitano, nayo hujengwa kwa mpangilio: kwa heshima ya wanakijiji, askari, makuhani, mafarao, na mwisho miungu. Ukishausimamisha mnara, fadhila huingia kidogo kidogo bila mtu kuinua mkono tena. Kanuni hiyo peke yake inabeba somo zima la dini ya Misri. Uhusiano na mungu ulikuwa kazi ya dola, uliwekwa kwenye jiwe, na faida yake ilikuja polepole kwa miaka mingi. Chini ya Ra minara hiyo ni nafuu zaidi, kwa hiyo anayemchagua huvutwa kujenga mapema. Hakuna maandishi yanayomwambia mchezaji kwamba Ra alikuwa mungu wa wajenzi wa piramidi. Bei ndiyo inayomwambia.

Pili, kuna Farao. Akisimama kwenye jengo, kazi ya jengo hilo huenda haraka. Akiuawa, baada ya muda Farao mwingine hutokea na kazi inaendelea. Tangu Nasaba ya Nne wafalme wa Misri walijiita wana wa Ra: mtu alikufa, kiti hakikufa. Waliotengeneza gemu wameligeuza wazo hilo kuwa saa inayohesabu sekunde. Halafu wakaongeza jambo ambalo ni la Ra peke yake: makuhani wake nao wanaweza kuyapa majengo baraka, ingawa kwa kiwango cha chini kuliko Farao. Anayecheza na Ra hujikuta na dola ambayo baraka zake zimeenea kwa viongozi wengi wa dini, na hivyo ndivyo mahekalu ya Misri yalivyokuja kuwa na nguvu.

Tatu, kuna ukoo. Kila unapopanda enzi unachagua mmoja kati ya miungu wawili wadogo. Chini ya Ra machaguo ni Bast au Ptah, kisha Hathor au Sekhmet, na mwisho Horus au Osiris. Katika masimulizi ya Misri, Bast, Hathor na Sekhmet wote watatu wanatajwa kuwa mabinti wa Ra, au jicho lake analolituma duniani. Kati ya miungu wakuu wengine wa Wamisri katika gemu hili, Isis anawapata wawili kati yao, Set anampata mmoja, na Ra ndiye pekee mwenye wote. Horus naye aliunganishwa na Ra katika umbo la Ra-Horakhty, na Osiris alikutana na Ra usiku, jua lilipopita kuzimu. Mti wa machaguo ambao mchezaji anauona kama mbinu za vita tu umechorwa juu ya nasaba halisi.

Baada ya uangalifu wote huo, kwa nini mvua?

Jibu liko kwenye ufundi. Miungu mikuu ya Misri katika gemu ni watatu, na kila mmoja alihitaji nguvu ya kuanzia isiyoua mtu, kwa sababu dakika za mwanzo hakuna majeshi ya kuua. Isis alipewa nguvu ya kuongeza dhahabu. Set alipewa uwezo wa kuona sehemu ya ramani iliyofichika. Kwa Ra ilibaki chakula, na chakula cha Wamisri katika gemu hutegemea mashamba ambayo, tofauti na ya Wagiriki, hulipiwa kwa dhahabu badala ya mbao. Ilihitajika picha moja ambayo mchezaji wa Texas, Seoul au Berlin angeitambua mara moja kwamba shamba linastawi. Mvua ndiyo picha hiyo. Kwa mchezaji mzoefu haina thamani mapema, maana mashamba bado ni machache. Anaitunza mpaka yawe mengi ndipo aimwage. Kwa hesabu za gemu inafanya kazi vizuri, na ndiyo maana toleo jipya la Septemba 2024, Age of Mythology: Retold, limeibakiza kwa Ra.

Kwa hesabu za Misri, hata hivyo, mambo yamepinduka. Dhoruba na radi vilikuwa vya Set, mungu wa jangwa na nchi za ugenini. Rutuba ililetwa na Hapi, mungu wa mafuriko ya Nile, ambaye hayumo kabisa kwenye orodha ya gemu. Utenzi wa kumsifu Aten, sura ya jua iliyoabudiwa na Akhenaten karne ya 14 kabla ya Kristo, unalieleza jambo hili kwa namna ya ajabu: jua liliwapa Wamisri Nile itokayo chini ya ardhi, na wageni likawapa Nile nyingine iliyowekwa angani, inayowashukia milimani na kunywesha mashamba yao. Yaani hata Wamisri walikubali kwamba mungu wa jua anaweza kuleta mvua. Walichokataa ni kwamba mvua hiyo ni yao.

Wageni hao wenye Nile ya angani ni pamoja na watu wa Ngara. Ruvubu hutoka Burundi, hupita mpakani na kuingia Ngara, kisha hukutana na maji yatokayo Rwanda karibu na maporomoko ya Rusumo, ambako leo umeme wa mitambo ya megawati 80 hugawanywa na nchi hizo tatu. Kuanzia hapo ni Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayomwaga maji Ziwa Victoria. Mtu akiufuata Ruvubu kwenda juu hufika Rutovu, Burundi, kwenye kijito ambacho Mjerumani Burkhart Waldecker alikitaja kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Mwaka 1938 pakajengwa hapo piramidi ndogo ya mawe. Tuseme ukweli pia: mafuriko yenyewe ya Misri yalitokana hasa na mvua za milima ya Ethiopia. Maji ya huku kwetu, yakishapita kwenye maziwa na vinamasi, kazi yake ilikuwa kuufanya mto usikauke miezi ambayo Ethiopia ilikuwa kavu.

Je, ingewezekana kutengeneza gemu lenye mafuriko bila kuharibu mchezo? Naona ingewezekana, na vifaa vingi vimo tayari. Mashamba yawekwe kando ya mto. Kila baada ya muda maji yapande na kufunika mashamba, vibarua wasiwe na cha kulima, na katika kipindi hicho ujenzi wa minara uwe wa haraka. Hapo chakula na fadhila vingefungwa kwenye msimu mmoja. Kimo cha maji kipimwe kwenye ngazi zenye alama kama zile za kisiwa cha Elephantine. Pliny Mroma aliandika kwamba dhiraa 12 zilimaanisha njaa na 16 zilimaanisha neema. Hizo tayari ni namba ambazo mtengenezaji gemu anaweza kuzitumia. Maji yakizidi mno, nyumba zibomoke. Ile nguvu ya Set ya kuona mbali nayo ingepata kazi mpya: anayeitumia kutazama kusini aone mvua inavyonyesha kwenye vyanzo, ajue mapema kama mwaka ni wa kujenga au wa kuweka akiba.

Mfumo kama huo ungegharimu zaidi ya wingu moja lililochorwa, na mchezaji mgeni angehitaji dakika kumi kuuelewa. Lakini watengenezaji waliofundisha ufalme wa Misri kwa bei ya mnara na kifo cha Farao walishathibitisha kwamba wachezaji hujifunza kanuni ngumu zikiwa na mantiki. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayeandika gemu la kwanza kuhusu miungu ya Nile aanzie hapo walipokatiza wao: aulize maji yalitoka wapi kabla ya kuamua ni mungu gani apewe.