Jiwe la Uluguru Lililopewa Jina la Rutherford

Mwaka 1906, Morogoro ikiwa chini ya Wajerumani, mkemia wa Berlin aitwaye Willy Marckwald alichapisha uchambuzi wa mawe ya urani kutoka Milima ya Uluguru. Kiini cha mawe hayo kilikuwa uraniniti, nyeusi na nzito ajabu mkononi. Nje yake kulikuwa na ganda la njano. Ganda hilo lilikuwa madini ambayo hayajawahi kuelezwa popote duniani, na Marckwald akayaita rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford, mmoja wa waasisi wa elimu ya mionzi.

Kikemia, ganda hilo ni kaboneti ya urani. Katika kila gramu 100, takriban 87 ni oksidi ya urani na 13 ni kaboni dioksaidi, ile gesi inayotoa povu kaboneti inapokutana na asidi. Lakini mimi naona siri iko kwenye jiwe lenyewe zaidi ya maabara: njano ilikuwa bado imeshikamana na nyeusi. Madini ya urani yenye rangi ya njano ni mengi. Kiini na ganda vikiwa pamoja ndipo inaonekana kwamba la pili limezaliwa na la kwanza, uraniniti ikiliwa polepole na maji yenye kaboni dioksaidi. Angelikuwapo mtu wa kulisugua jiwe lile ling'ae kabla halijasafiri, ushahidi ungekwenda na maji ya kuoshea.

Nawasihi wanaokusanya mawe kwa kupenda tu walizingatie hilo. Uluguru ni miamba iliyopikwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Kwenye mishipa ya pegmataiti utakuta ulanga unaobanduka karatasi kwa karatasi, na feldispa yenye sura bapa. Upande wa Matombo kuna marumaru yenye rubi. Usikimbilie kung'oa fuwele. Piga picha mwambani, jiwe likiwa bado mahali pake, uweke sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Andika kijiji, mto, tarehe na aina ya mwamba ulioizunguka fuwele. Rubi iliyobaki ndani ya marumaru yake inaeleza ilivyoumbika. Iliyochomolewa inaeleza bei tu.

Sasa suala la ardhi ya umma. Marekani, misitu mingi ya taifa humruhusu mtu kuokota mawe machache kwa matumizi yake mwenyewe. Kwetu Tanzania usiende na mawazo hayo. Madini yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, na kuyatafuta au kuyachimba kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Juu milimani kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na huko kuchimba bila kibali ni kosa. Katazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam unapata maji yake mengi kwenye milima hii, na mteremko uliofukuliwa hushuka na mvua ya masika.

Ndani ya hifadhi, basi, chukua picha na maelezo. Nje yake, muone Afisa Madini Mkazi wa Morogoro na mwenye shamba kabla ya nyundo kugusa mwamba. Ukikuta jiwe jeusi zito lenye ganda la njano, usilikwangue, usiliweke ndani ya nyumba. Nawa mikono na uiarifu Tume ya Nguvu za Atomiki. Na wewe mwenye mawe kabatini yasiyo na maandishi, anza leo kuyaandikia yale unayoyakumbuka mahali yalikotoka, kabla hujasahau.