Kadi ya Ndani ya Mlango wa Paneli

Vifaa viwili vya kiwandani haviwezi kuzungumza kwa waya kabla havijapatana. Mita inayofuatilia umeme wa mashine, na kontrola inayoisoma kutoka chumba cha pili, hupokezana volti zinazopanda na kushuka tu. Maana ya volti hizo imo katika mapatano manne: kasi, idadi ya biti za data, pariti na biti za kikomo. Kuyapanga mapatano hayo ni ufundi, na unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa siku hizi.

Zamani mapatano yaliandikwa. Ndani ya mlango wa paneli palikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kadi ngumu yenye safu zilizopigwa kwa rula: anwani, kasi, pariti, kikomo, tarehe. Iliandikwa kwa penseli, maana mpangilio huweza kubadilika. Lakini penseli haifutiki ikaisha. Chini ya 19200 mpya kulibaki kivuli cha 9600 ya awali, na fundi aliyefika miaka mingi baadaye aliisoma kadi kama anayesoma umri wa mti. Alijua laini ile iliwahi kuwa na kasi gani, na lini mita ya tatu iliongezwa. Pembezoni palikuwa na alama za vidole vyenye grisi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kadi ile ndiyo ilikuwa daftari la laini.

Jina la kipimo cha kasi, baudi, ni kumbukumbu ya Émile Baudot, Mfaransa wa telegrafu aliyepata hataza ya mfumo wake mwaka 1874. Kiwango cha RS-232 kilitoka mwaka 1960, lugha ya Modbus ya kampuni ya Modicon mwaka 1979, na RS-485, inayobeba vifaa vingi kwenye jozi moja ya waya, mwaka 1983. Waya zilibadilika, haja ya kupatana ilibaki palepale.

Kasi huja kwanza. Fundi mzoefu hatafuti kubwa kuliko zote, bali inayotosha kazi, kwa kuwa kasi kubwa hudai waya mfupi. Kwa kasi ya wastani, RS-485 hufika mita 1200.

Katika Modbus RTU kila herufi hubeba biti 11. Ya kwanza ni hodi, inayomwamsha msikilizaji. Hufuata nane za data, kisha ya pariti, kisha ya kikomo. Kwa pariti shufwa, mtumaji huhesabu namba 1 zilizomo kwenye data. Zikiwa witiri huongeza nyingine ili jumla iwe shufwa. Mpokeaji huhesabu tena, na biti moja ikiharibika njiani hujulikana. Pariti ikiachwa, kanuni hutaka biti mbili za kikomo, ili herufi ibaki na urefu uleule. Hapa ndipo wenye haraka hujikwaa: huondoa pariti, husahau kikomo, kisha huilaumu mita.

Kimya nacho ni sehemu ya lugha hii. Ujumbe huisha pale laini inaponyamaza kwa muda wa herufi tatu na nusu, yaani kama milisekunde 4 kwa kasi ya 9600. Mita haisemi mpaka iitwe kwa anwani yake, kuanzia 1 hadi 247. Mbili zikipewa anwani moja huitikia kwa pamoja, na majibu yao hugongana.

Hata namba zote zikiwa sahihi, waya una adabu yake. Vifaa hupangwa kama shanga kwenye uzi mmoja, bila matawi marefu, na kila mwisho wa uzi hufungwa rezista ya omu 120 ili ishara isirudi kama mwangwi. Fundi makini huzima umeme, hugusisha ncha za multimita kwenye waya mbili za data, na husubiri. Ikisoma karibu na 60, rezista zote mbili zipo. Ikisoma 120, mwisho mmoja umeachwa wazi. Ikisoma 40, kuna aliyeongeza ya tatu bila kuuliza. Kwa namba moja, kazi ya waliotangulia imejulikana kabla ya kifuniko chochote kufunguliwa.

Leo vifaa vingi huachwa na mpangilio viliotoka nao kiwandani. Laini isipoitika, programu hujaribu kasi moja baada ya nyingine mpaka mojawapo ibahatike. Njia hiyo hupata jibu, lakini haiachi maarifa: anayefuata hubahatisha upya, mashine ikiwa imesimama na wafanyakazi wakingoja.

Hatua ya mwisho ya ufundi huu huja baada ya mita kuitika. Ni kuchukua penseli, kujaza safu tano, tarehe ikiwemo, na kuirudisha kadi mahali pake. Katika paneli nyingi mpya mfuko wa plastiki bado umebandikwa ndani ya mlango. Kadi haimo.