Apropos: msaidizi anayetaka ujue jibu kwanza

Umeshawahi kusahau jina la amri uliyoitumia mwaka jana tu? Kazi yake unaikumbuka vizuri, jina limeyeyuka. Mimi yalinikuta hapa Kambarage, Shinyanga, umeme umekatika na chaji ya laptopu inaishia. Nilikuwa na orodha mbili: sampuli za maji ya visima vya upande wa Geita tulizopeleka kupimwa zebaki, na zile zilizorudi na majibu. Nilitaka zisizorudi. Linux ina amri ndogo ya kazi hiyo. Inaitwaje sasa?

Kwa waliosahau kuna apropos, ambayo ni sawa na kuandika man -k. Unaipa neno, inalitafuta kwenye majina ya amri na maelezo yao mafupi. Haihitaji intaneti, na hapo naipa sifa zake zote.

Shida ni kwamba haitafuti maana, inatafuta herufi. Niliandika "common", ikaniletea join. Siyo! Niliyoitaka ni comm, lakini maelezo yake yanasema tu kwamba inalinganisha mafaili mawili yaliyopangwa, mstari kwa mstari. "Common" halimo, japo jina lenyewe linalidokeza.

Baya zaidi, ukiongeza maneno ili kupunguza majibu, yanaongezeka, maana inaleta penye neno lolote kati ya hayo. Lazima uweke -a. Nilikumbuka kwamba ile amri hulalamika orodha zisipopangwa, basi nikaandika apropos -a compare sorted. Hiyo hapo, comm. Ila anayeanza leo angeijuaje hiyo -a?

Halafu kuna lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi nzuri ile. Lakini we jaribu kuiandikia apropos "linganisha", itakujibu hakuna kinachofaa. Yaani anayefikiri kwa Kiswahili anatakiwa akumbuke kazi ya amri, kisha abahatishe neno la Kiingereza alilochagua mwandishi wa mwongozo.

Nilipanga orodha zote mbili kwa sort, nikaandika comm -23 zilizotumwa.txt majibu.txt. Hiyo 23 inaficha safu ya 2 na ya 3, inabaki ya kwanza: zilizotumwa zisizo na majibu. Zilitokea chupa 7. Ni visima 7, na watu wanaendelea kuchota.